Dirisha Lililokaa Chini

Familia ilikubaliana kwamba Mzee Turubai apelekwe mbugani akatazame wanyama. Yeye hakuulizwa. Tangu mkewe afariki, miezi saba sasa, walimwona hali chakula vizuri, haongei, anashinda karakanani mbele ya cherehani mbili, moja imefunikwa shuka. Wakasema anahitaji kubadili hewa. Kana kwamba hewa ndiyo iliyomfia.

Mwenye mpango alikuwa mkwewe, mume wa binti yake wa pekee. Walimwita Mratibu, kwa kuwa hakuna shughuli aliyoiacha ipite bila kuiandikia ratiba. Hata siku ya kumzika mama mkwe wake alizunguka na karatasi mkononi.

Kila Jumapili walijaa sebuleni kwa mzee. Mratibu anasimama, wengine wanakaa, yeye anasoma. Siku nne mbugani. Siku ya kwanza, tembo. Siku ya pili, simba, saa kumi na mbili asubuhi.

"Simba naye kaambiwa?" Mzee akauliza.

"Baba," binti akasema.

"Nauliza tu. Unamwendea mtu alfajiri kwake, hata taarifa hujampa."

Mratibu akakohoa, akaendelea. Siku ya tatu, twiga na pundamilia. Jioni, saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili, kumliwaza Baba.

"Saa moja nzima?" Mzee akasema. "Utachoka, mwanangu."

Wakanunua nguo za rangi ya vumbi. Kila mmoja na kofia yake yenye kamba ya kidevuni. Mratibu alivijaribu viatu vyake vipya palepale sebuleni, soli nene kama tofali, akatembea kutoka kwenye kochi hadi mlangoni na kurudi. Mzee alimtazama kama anavyotazamwa mbuzi aliyefungwa tai. Huyu ni mtu ambaye panya akikatiza jikoni, yeye yuko juu ya kiti.

Safari za wanyama Mzee alizijua kwa upande wa nyuma. Miaka thelathini na minne yeye na mkewe walishona mahema ya kambi za wageni. Yeye anakata, mke anashona. Twiga hajawahi kumwona. Aliwaona wanaokwenda kumwona twiga, wakamtosha. Watu wenye nyumba za matofali, vioo madirishani, maji ndani, wanapanga mwaka mzima ili wakalale chini ya kitambaa. Halafu wakirudi wanasimulia kwamba usiku kulikuwa na baridi.

Jumapili ya sita Mratibu alikuja na wakala wa safari, mtu mzima mwenye kitambi, shati lake limeshonwa picha ya kifaru kifuani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa, wewe na mnyama wako."

Wakala akafungua kijitabu cha picha. Huku hoteli ya mawe, ambayo Mratibu alikwisha kuichagua. Huku kambi ya mahema, kwa watu wa hadhi.

"Tazameni madirisha," wakala akasema. "Hema la kawaida, dirisha liko juu, mpaka usimame. Haya yamebuniwa makusudi. Mgeni amelala zake kitandani, anageuza shingo tu, tembo huyu hapa. Wabunifu walikaa chini wakafikiria."

Mzee akanyoosha mkono. Wakampa kijitabu. Akakisogeza karibu na macho, akakitazama mpaka wengine wakaanza kuangaliana.

Aliujua ule mshono. Mistari miwili ya uzi, na wa tatu mwekundu kwenye kona, alama ya mkewe. Mahema kumi na mawili, miaka kumi na tisa iliyopita.

Ukuta wa hema huwa na pindo la chini, shubiri mbili, linalofukiwa udongoni ili upepo na nyoka wasipite. Mkataji huchora mstari wa chaki juu ya pindo, na mshonaji hupimia dirisha kuanzia kwenye mstari huo. Mahema yale hayakuwa na mstari. Mkewe akapimia kuanzia kwenye ncha ya kitambaa. Hema la kwanza liliposimamishwa uani, dirisha lilikuwa usawa wa magoti. Na yote kumi na mawili yalikuwa tayari.

Siku ile Mzee alipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Kisha akanuna siku tatu, hasemi hata neno. Mahema yakaenda hivyo hivyo, na kambi haikulalamika. Lakini yeye hakuliacha. Miaka yote iliyofuata, mkewe akitaka kubishana naye, yeye Mzee alisema neno moja tu, "Dirisha," na mke ananyamaza.

Chaki ilikuwa kazi ya Mzee mwenyewe. Alisahau kuchora. Alilijua hilo tangu siku ya kwanza, na hakulisema, mpaka wakamfukia mwenzake.

"Twende hapa," Mzee akasema.



"Baba," Mratibu akasema, "hoteli nimeshaweka nafasi. Ina bwawa la kuogelea."

"Nani amesema nataka kuoga?"

"Wiki iliyopita ulisema wanyama wananuka. Ukasema kulala hemani ni kazi ya wakimbizi."

Alisema kweli.

"Isitoshe hamtayakuta," wakala akasema. "Nyinyi mnaondoka likizo ya shule. Haya yanang'olewa mwisho wa mwezi huu, yanawekwa mapya."

"Ya zamani yanakwenda wapi?"

"Yanachomwa moto, nadhani. Nani atayataka?"

Kubembeleza mbele ya kofia zote zile, Mzee hakuweza. Alirudisha kijitabu. Mratibu akarudi kwenye ratiba yake.

Asubuhi akavaa koti lake, akaenda mpaka ofisini kwa wakala. Ukutani simba wa karatasi amekodoa macho, kona moja imebanduka. Wakala alikuwa anakunywa chai.

"Nafasi yangu ya safari mpe mtu mwingine," Mzee akasema. "Yeyote mwenye kofia. Mimi niletee hema moja kati ya yale."

"Mzee wangu, mimi nauza safari. Siuzi matambara."

"Ndiyo nakwambia, safari chukua. Nipe tambara."

"Hema bovu la nini?"

"Mimi ni mmoja wa wale wabunifu waliokaa chini wakafikiria."

Wakala akacheka mpaka chai ikamwagikia kifaru. Lakini akachukua simu, akaipigia kambi.

Nyumbani Mzee alimwambia binti yake tu kwamba haendi. Sababu hakutoa. Mwezi ukaisha, hema halikuja. Wiki mbili zikapita. Kila gari likipunguza mwendo nje, alisimama mlangoni. Alianza kuona ule uzi mwekundu ukiungua.

Lori la mboga la kambi lilifika asubuhi ileile ambayo familia ilikuwa inaondoka. Dereva akatupa furushi uani, akaenda zake. Mzee hakungoja msaada. Akasimamisha nguzo, akakaza kamba, akachimba, akafukia pindo lote kwa mikono. Kisha akaingiza kitanda cha kamba ndani, akalala ubavu, akageuza shingo.

Aliona kuku wawili. Akaona ndoo. Baadaye magari yakasimama barabarani, na mnyama wa kwanza mkubwa akapita mbele ya dirisha. Viatu vya Mratibu, soli nene kama tofali, tayari vimekanyaga kinyesi cha kuku.

"Huyu naye vipi?" sauti ya Mratibu ikasema juu huko. "Tumempangia safari, analala uani."

Viatu vingine vikaja, vidogo. Binti akapiga magoti. Uso wake ukatokea dirishani.

"Baba, kweli huji?"

"Nimeshafika."

Binti akapitisha kidole kwenye mshono mpaka kwenye ule uzi mwekundu.

"Hili ndilo lile dirisha? Alilokosea Mama?"



"Mama yako hakukosea. Chaki ilikuwa kazi yangu. Sikuchora."

"Na yeye alijua?"

"Mshonaji gani asijue? Alijua siku ileile."

"Mbona hakukwambia?"

"Alinisubiri nimwambie mimi."

Honi ikalia. "Tumechelewa dakika kumi na mbili," Mratibu akasema. "Simba ni saa kumi na mbili kesho."

"Nenda," Mzee akamwambia binti. "Wasikuache."

Binti hakuinuka. Akavua kofia, akaiweka chini, akabaki amepiga magoti, kidole bado kiko kwenye uzi. Viatu vya Mratibu vikarudi, vikasimama, vikazunguka mara mbili, vikakosa pa kwenda. Mzee aliviona vyote, kisigino mpaka ncha, bila kunyanyua kichwa kitandani. Dirisha lilikuwa mahali pake kabisa.