Buluu ya Mlango wa Masisi

Akilimali alikuwa mchoraji wa vibao pale Walikale, mji wa msituni huko Kongo. Ukiona kwenye kibanda cha kinyozi mtu aliyechorwa shingo ndefu kupita kiasi, ujue ni kazi ya mkono wake. Nyuso zilimshinda, hilo alikiri mwenyewe. Lakini kwenye rangi, hapo usimguse. Mtu mmoja tu duniani alithubutu kumbishia juu ya rangi, na huyo alikuwa mke wake, Emérence.

Walikutana Masisi, kwenye milima ya kwao Emérence, Akilimali alipoitwa kupaka kapela, kanisa dogo la kijiji. Kazi ikaisha, rangi ikabaki. Bila kuombwa na mtu, akapaka buluu mlango wa nyumba ya wazazi wa Emérence, kisha kila jioni akawa anapita kuangalia kama umekauka. Ulikuwa umekauka siku ile ile. Kijiji kizima kilijua kwamba anachokiangalia si mlango.

Alipomwoa na kumleta Walikale, alibeba kopo lile lile, akapaka mlango wa nyumba yao ili mkewe asione ugeni. Emérence akasimama uani, mkono kiunoni, akautazama.

"Hii hapana ile," akasema.

"Ni ile ile. Kopo njo hii."

"Umenidanganya, Akili. Hii iko kijani."

Ubishi ule ulikaa nao nyumbani miaka yote. Hawakujaliwa mtoto, basi wakaulea ubishi. Kila alipopika mbele ya nyumba, Emérence alimwita: "Kuya uone kijani yako!" Naye Akilimali alimjibu kwamba buluu ni buluu, popote uendapo, na kwamba mwenye kazi ya rangi ni yeye.

Kisha Emérence akaugua, akaenda kwa mama yake Masisi auguzwe huko. Nyuma yake vita vikafunga njia. Akafia kule, akazikwa kule, na Akilimali akasikia habari ya maziko kwa simu iliyokatika kabla shemeji yake hajamaliza kusema. Alibaki amekaa mlangoni na simu mkononi, akingoja iite tena. Haikuita.

Lakini mazungumzo yao ya mwisho aliyakumbuka neno kwa neno. "Kama ninakufa," Emérence alimwambia, "unipakie musalaba rangi ya mulango ya kwetu. Ile ya Masisi, unasikia? Hapana ile ya pori yako."

Katika ukoo wao, siku ya kuondoa kilio, matanga yanapomalizika, mume ndiye anayeleta msalaba. Akilimali hakuweza kupita. Byamungu, shemeji yake, alikuwa akija mji wa Pinga, katikati ya njia, kwa biashara kupitia njia anazozijua mwenyewe, akakubali kuuchukua pale. Akilimali akachonga msalaba wa mbao ya mti mgumu wa libuyu, akaupiga msasa mpaka ukateleza. Alipofungua rangi, mkono ukagoma. Ile ya Masisi. Angeijuaje, naye yuko chini ya miti ya Walikale?

Mjini kulikuwa na mama mmoja, Généreuse, mwenye secrétariat ya kutoa fotokopi na kuandika barua za watu. Kwenye kompyuta yake alikuwa na programu wanayotumia wajenzi: unaipa picha ya kitu kilichopakwa rangi, unachagua mahali, saa, jua au ukungu, nayo inakuonyesha rangi itakavyoonekana huko. Généreuse aliitumia kuwaonyesha wenye maduka kuta zao kabla hazijapakwa. Akilimali alikuwa ameicheka sana. Kompyuta itamfundisha nini mtu aliyezeeka na brashi? Sasa akaja ameshika kofia mkononi.

Kwanza aliomba wajaribu picha ya mlango wake mwenyewe. Généreuse akaiondoa miti kwenye skrini, akaweka mlima mtupu na mbingu wazi. Mlango ukageuka buluu. Ilikuwa ile ile buluu aliyokuwa akipita kuiangalia jioni.

"Majani inakula mwangaza, Papa Akilimali," Généreuse akamweleza. "Inafika kwako ikiwa imeisha kuwa ya kijani."

Akilimali akaisogelea skrini. Miaka yote ile mtu alikuwa akimwambia anachokiona kwa macho yake mwenyewe, naye akimjibu kwa ujuzi. Alitamani kumpigia Emérence simu palepale. Hilo ndilo lililomuuma zaidi, kwamba mkono ulishaingia mfukoni kabla hajakumbuka.

Wakaanza kazi ya msalaba. Akilimali alipaka rangi kwenye vipande vya mbao, Généreuse akavipiga picha kando ya karatasi nyeupe ili kamera isidanganye. Kaburi, alivyoambiwa na Byamungu, lilikuwa nyuma ya nyumba ya wazazi, chini ya mti wa avoka, mparachichi aliouacha mnene, wenye kivuli tangu asubuhi. Basi wakaweka mti kwenye skrini, wakaweka kivuli chake na ukungu wa milimani. Rangi ikazama kivulini. Akilimali akaongeza nyeupe, akarudi. Ikazama bado. Akaongeza tena. Siku moja msalaba ukatokea kwenye skrini, chini ya mti ule, ukiwa na buluu ya mlango wa Masisi hasa.

"Njo hiyo," akasema.

Msalaba ukapakwa rangi hiyo, ukaenda Pinga juu ya pikipiki, umefungwa kwa kitenge cha Emérence. Akilimali akangoja. Majirani walipomwita kula alisema ameshiba, maana alitaka kuwa karibu na mahali simu inapopata mtandao.

Hatimaye picha ikaja. Msalaba ulikuwa umesimamishwa vizuri, lakini buluu yake ilikuwa kali, inapiga kelele. Mti wa avoka haukuwepo. Chini ya picha kulikuwa na sauti ya Byamungu:

"Shemeki, muti balishaukata, bakachoma makala, nilisahau kukuambia. Mama anasema couleur imepita kipimo. Lakini usihuzunike. Toka mashamba, toka mutoni, bote tunauona. Batoto bakienda masomo banasema, jambo tantine, jambo shangazi. Kila asubuhi tunamusalimia."

Akaisikiliza mara nyingi. Alifurahi, tena alilia, kwa sababu kila mtu wa mlima ule alimsalimia Emérence isipokuwa yeye. Akaenda kwa Généreuse.

"Kazi si iliisha, Papa?"

"Toa muti," akasema. "Muti haiko tena."

Généreuse akautoa. Mlima ukabaki wazi, na msalaba ukawaka peke yake.

"Weka asubuhi."

Akaweka asubuhi. Akilimali akakiinamia kioo cha kompyuta, midomo ikacheza, lakini palikuwa na watu wanaongoja fotokopi zao, akashindwa kumsalimia mkewe. Akashukuru, akavaa kofia, akatoka.

Alipofika nyumbani alisimama uani, pale pale aliposimama mkewe siku ile ya kwanza, akautazama mlango.

"Ulikuwa na haki," akasema kwa sauti. "Iko kijani."

Akangoja kidogo, kama mtu aliyezoea kujibiwa. Kisha akaingia ndani.