Namba ya Bwana

Namba ya kazi ya mume wangu bado naijua kwa kichwa. Nikiwa naosha vyombo inakuja yenyewe mdomoni, tarakimu zote, mpaka nainuka na kutema mate nje.

Nilifundishwa wiki ya kwanza ya ndoa, kabla sijajua hata chakula anachokipenda. Tulikuwa tumepewa nyumba Kapata, kwenye safu za nyumba za kampuni ya migodi, kwa kuwa yeye alikuwa fundi wa umeme kiwandani. Mama wa jirani, mtu wa Kasai kama babu yangu aliyeletwa huku kuchimba, alinikalisha kwenye kizingiti chake huku akimenya mihogo, akanikaririsha namba ile kama mtoto wa primari.

“Kwa dispensari, namba. Kwa kantini, namba. Siku ya kuzaa, namba. Jina yako kule hakuna mwenye kuiuliza.”

Nilikuwa nimesoma sekondari kwa masista, najua kuandika barua ya kuomba kazi kwa Kifaransa bila kosa. Nikacheka.

“Cheka tu, mutoto yangu,” akasema. Yeye hakucheka.

Mwaka wa pili, binti yetu akiwa na miezi tisa, mume wangu alinivunja mkono. Ilikuwa Jumanne asubuhi, jua limeshatoka, redio inaimba. Sababu siiandiki. Nikiiandika, mtu atakayesoma ataanza kuipima kama ilitosha. Alikuwa ameshanipiga mara nyingine, makofi, mkanda, mara moja sahani ya bati, lakini siku hiyo alinishika kiganja cha kushoto, akakiweka kwenye fremu ya mlango wa chumba, akausukuma mlango kwa bega. Niliusikia mfupa kabla sijasikia maumivu. Mtoto alikuwa amekaa sakafuni, ananitazama, kijiko mdomoni.

Kisha akanyoosha kola. Akachukua gamela ya chakula, ile niliyoifunga kwa mkono huohuo muda mfupi kabla, akatoka. Nikamsikia nje akimsalimia jirani, “Bonjour, mama, mulilala muzuri?” Kwa adabu kabisa. Watu wote wa safu yetu walimpenda.

Nikamfunga mtoto mgongoni kwa mkono mmoja na meno, nikaenda dispensari ya kampuni. Kwenye dirisha muuguzi hakuinua macho.

“Namba?”

Nikaitaja. Haraka, bila kujikwaa, kama nilivyofundishwa. Leo nikikumbuka natamani kujipiga kofi.

Daktari alikuwa kijana. Akauliza, “Mulianguka, mama?”

“Hapana. Ni bwana yangu. Na mlango.”

Akatazama mkono, akatazama kadi, akaandika. Niliona kwa macho yangu alivyoandika: mfupa umevunjika, umebanwa kwa mlango, mgonjwa anasema ni mume wake. Akapiga muhuri. Akanifunga ubao na bandeji. “Karatasi itapita kwa biro ya kiwanda kwanza,” akasema. “Rudi kesho kutwa.”

Jioni mume wangu aliitazama bandeji. Akamchukua mtoto, akamchezesha magotini, akimwimbia. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali kwa mkono wa kulia, chungu nimekikaza kwa miguu, na kila sauti yake ikipanda kidogo mwiko unasimama. Hapo ndipo nilipoamua. Sikutaka afungwe. Wala sikutaka aniombe msamaha. Nilitaka kitu kimoja tu: niondoke na mtoto wangu kwenda kwa mama yangu Lubudi, na pasiwe na mtu mwenye haki ya kuja kumchukua. Maana nilijua ukoo wake wangemfuata. Mtoto ni wao, mimi nilikuwa mgeni aliyemzaa.

Jumatano nikaenda kwa polisi. Sajenti alikuwa anakula karanga.

“Unashitaki nani, mama?”

“Bwana yangu.”

“Otorizasio iko wapi?”

“Ya nani?”

“Ya bwana. Bibi hafike mbele ya juji bila bwana kumupa ruhusa ya kuandikwa. Njo sheria mupya ya familia. Iko mu kitabu.”

Nikamtazama usoni nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Mwenzake nyuma ndiye aliyekuwa anacheka.

“Basi niende nimuombe ruhusa ya kumushitaki?”

“Umuombe muzuri,” mwenzake akasema. “Umupikie kwanza. Na ule mukono ingine.”

Wakacheka wote wawili. Nilitoka pale kwa haraka, si kwa hasira peke yake. Njia nzima nilikuwa nawaza kwamba mmoja wao anacheza mpira na shemeji yangu, na kwamba habari itafika nyumbani kabla yangu.

Ningerudi. Kweli, nilikuwa nimeshageuka. Lakini miguu ilinipeleka mjini, tribinali, na pale karani wa mahakama, mzee mwenye koti la abakosti lililopauka mabegani, akanisikiliza akiwa amesimama. Nilipofika kwenye neno otorizasio akavuta kitabu, akalamba kidole, akafungua.

“Polisi alisoma ukurasa wa kwanza, akachoka,” akasema. “Angalia hapa. Bibi anaomba ruhusa ya bwana kwa kesi zake. Lakini hapa chini: haiombe kama ule anayemushitaki ni bwana mwenyewe. Unaona? Ni mustari moja tu.”

Nikausoma mwenyewe. Nikausoma tena. Mstari mmoja, na mtu mzima mwenye bunduki hajui upo.

Akanieleza taratibu. Kupiga mtu mpaka kumvunja ni kosa, na hilo lina njia yake kwa mwendesha mashtaka, njia ndefu. Lakini hakimu wa pale, kabla ya yote, anaweza kuandika amri: mama akae mbali, mtoto abaki naye, baba asikanyage mahali wanapokaa mpaka kesi isikilizwe.

“Ile karatasi njo nataka,” nikasema.

“Utaipata. Lakini juji atauliza nani alivunja mukono. Bwana atasema ulianguka. Sertifika ya munganga iko wapi?”

“Dispensari ya kampuni. Nachukua kesho.”

Mzee akafunga kitabu. “Kule kwa dirisha, ulitaja namba ya nani?”

“Yake.” Nikamkaza mtoto mgongoni, nikatoka.

Alhamisi nilifika dispensari kabla mlango haujafunguliwa. Muuguzi akapekua, akapekua. “Ilishaenda na barua za kiwanda. Karatasi yote ya namba inafuata mwenye namba.”

“Lakini mukono ni wangu!”

“Mukono ni wako, mama. Dosie ni yake. Atakuletea mangaribi, akitoka kazi.”

Alisema vile kwa wema. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Alidhani ananisaidia.

Mume wangu alikuwa anamaliza kazi saa kumi. Toka saa nne, niliporudi nyumbani, mpaka saa kumi ni saa sita, na sijui nilizitumia vipi. Najua nilifagia nyumba mara tatu. Najua nilimbadilisha mtoto nguo safi, nikambadilisha tena. Kukimbia mchana ule sikuweza: mama yake na kaka zake walikaa mbele kidogo kwenye njia ya kituo cha treni, na bila karatasi wangenivua mtoto mgongoni hadharani na hakuna ambaye angeuliza kitu.

Saa kumi na robo akaingia. Akaweka gamela. Akatoa bahasha mfukoni, akaiweka mezani, akainyoosha kwa kiganja.

“Hii namba ni ya nani?”

“Yako.”

“Na hii karatasi ni ya nani?”

Nikamsogezea sahani.

“Nakuuliza, mama mutoto.”

“Yako.”

“Eh.” Akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati, juu ya moyo, akafunga kifungo. Kisha akanawa mikono, akakaa kula. Hakunigusa. Alikula yote, akaomba maji, akasema, “Siku ya posho mama yangu anakuya. Mutoto ataenda naye. Mukono moja haiwezi kulea mutoto.”

Siku ya posho ilikuwa Jumamosi. Nimeshapigwa, najua kupigwa kulivyo. Sijawahi kuogopa kipigo kama nilivyoogopa sauti ile tulivu.

Ijumaa, alipoondoka kazini, mama wa jirani akaingia bila kubisha. Kumbe kuta za kampuni ni nyembamba; alikuwa amesikia yote, siku zote.

“Usirudie dirisha ya namba,” akasema. “Enda hopitali ya Leta. Beba mutoto. Mi nitakaa hapa mu nyumba, nitapiga redio kwa nguvu. Bandugu zake bakipita, basikie muntu iko.”

Nikatoka na mtoto na nepi sita. Kwenye hospitali ya serikali, dirisha lingine.

“Jina?”

Mdomo ukafunguka, namba ikatoka. Muuguzi, mama mnene mwenye kalamu ndani ya nywele, akanikazia macho. “Nasema jina, sitwayeni,” akasema, kama serikali ilivyotaka kila raia mwanamke aitwe. “Yako.”

Nikashika ukingo wa dirisha. Watu nyuma yangu wakaanza kunung’unika. Miaka miwili hakuna dirisha lililokuwa limeniuliza. Jina langu nililitaja polepole kama mtu anayejaribu kiatu cha zamani, nikaogopa kwamba si langu tena.

Lakini karatasi yao ilikuwa dhaifu. Daktari alisema mfupa umevunjika, ndiyo, ila siku zimepita, hakuona jeraha likiwa jipya, aliandika “yawezekana ni kuanguka.” Karani wa tribinali aliisoma, akakuna shingo. “Tutaiweka. Hatuna ingine.”

Nilikaa kwa masista waliokuwa wamenifundisha, chumba cha nyuma, pazia limefungwa mchana kutwa. Jumapili, wakati wa misa, kaka zake wawili walikuja getini. Nilimziba mtoto mdomo kwa ziwa ili asilie. Nilisikia mmoja akisema, “Masista, shemeji yetu ni mugonjwa ya kichwa, tunamutafuta.” Sista mlinda mlango akajibu kwamba wagonjwa wote anawaombea.

Hakimu alituita Jumanne. Wito ulipelekwa na sajenti yuleyule wa karanga. Mume wangu akaja amevaa suruali ya pasi, na mama yake, na kaka zake. Mimi nilikuja na mtoto na sista mmoja. Sikuweza kumtazama. Nilitazama mfuko wa shati lake. Kifungo kilikuwa kimefungwa.

Hakimu akauliza. Mume wangu akajibu vizuri, kwa Kifaransa cha kiwandani: mke wake alianguka bafuni, ni msichana mwenye hasira, anataka kurudi kwa mama yake. Hakimu akaisoma karatasi ya hospitali. “Hapa wanasema yawezekana ni kuanguka.” Mama mkwe akapiga makofi mara moja, taratibu. Nilihisi mtoto anatelezeshwa kutoka mikononi mwangu ingawa hakuna aliyekuwa amemshika.

Angenyamaza hapo angeshinda. Lakini alikuwa mtu wa namba. Kilichomuuma moyoni hakikuwa mkono wangu, wala hata mimi kutoroka.

“Na tena, Mheshimiwa,” akasema, “huyu mwanamke alitumia namba yangu. Bila kuniuliza! Alienda kwa munganga wa kampuni, akataja matrikula yangu, akaandikisha uongo ndani ya dosie yangu. Chef wangu wa kazi aliona! Nataka aadhibiwe kwa hiyo.”

“Uongo gani?” hakimu akauliza.

Mume wangu akafungua kifungo. Akaitoa mwenyewe. Akaipitisha juu ya meza na kumkabidhi hakimu, uso umejaa haki. Kaka yake mkubwa alimvuta kwa nyuma ya shati, lakini alikuwa amechelewa.

Hakimu aliisoma kimya. Tarehe ya siku ileile. Mlango. Muhuri. Akauliza, “Namba hii ni yako?”

“Ni yangu!” akajibu kwa sauti kubwa.

Karani mzee akainama kwenye karatasi zake, hakuinua kichwa tena.

Amri iliandikwa siku hiyo. Mtoto akae kwa mama. Baba asifike mahali tunapokaa hadi kesi isikilizwe. Karani akanipa nakala mbili. “Moja ushike mu mukono, moja ushonee mu nguo ya mutoto. Na usijidanganye, mama. Hii ni karatasi.”

Nilijua. Alhamisi kituoni nilijua zaidi. Treni ya Lubudi ilichelewa, jua kali, nikiwa nimekaa juu ya gunia la nguo nilizopewa na masista, na nikamwona anakuja kwenye jukwaa, peke yake, amenyoa ndevu. Mtoto naye akamwona. Akacheka kwa furaha, akamnyooshea mikono yote miwili.

Yeye akanyoosha yake.

Nikapiga kelele ambayo sikuijua kuwa ninayo. Askari wa kituo akaja. Nikamkabidhi karatasi, akaishika kwa mikono miwili. Alisoma polepole, akitembeza kidole. Mume wangu alisimama hatua tatu kutoka kwetu, akitabasamu kwa adabu.

“Wewe ni bibi ya nani?” askari akauliza.

“Jina langu liko hapo juu,” nikasema, nikalitaja, kwa nguvu, mbele ya watu wote wa jukwaa. Mtoto alikuwa bado anamnyooshea mikono.

Askari akatazama karatasi, akamtazama mume wangu.

“Tata,” akasema kwa heshima, kama kwa baba yeyote, “rudi nyuma.”

Alirudi hatua moja. Nikasubiri ya pili.