Bi Kiyoyozi Hakuzima

Mdogo wangu, ambaye stendi nzima ya teksi inamwita Bi Kiyoyozi, ni mjukuu wa mchimba visima aliyekataa kufukia kisima chake pale mkubwa mmoja alipotaka kujenga ghala juu yake. Babu alilala kando ya shimo siku nne, na ghala likajengwa kwingine. Ni binti wa mpishi wa shule aliyeletewa unga wenye wadudu, akafunga jiko, akakaa mlangoni na ufunguo kifuani, na kabla jua halijawa kali lori likarudi na unga mwingine. Ni mjane wa dereva, Mungu amrehemu, aliyemfundisha gari wakiwa wamekwisha kuzaa watoto wote watatu. Na yeye mwenyewe ameendesha lori la mchanga miaka tisa, na teksi miaka kumi na miwili, hajagonga hata kuku. Mimi na yeye tumeachiana ziwa. Nikimsifu sijikombi kwake, maana nimempangusa kamasi.

Jina la Bi Kiyoyozi alipewa kwa kejeli. Wenzake walimwona gari lake limesimama kwenye foleni, vioo vimepandishwa, kiyoyozi kinavuma, naye ndani ametulia kama bibi harusi, wakasema huyu mama anajiona. Hakukasirika. Alisema jina ni zuri, tena ni jepesi kwa abiria kukumbuka.

Lakini kiyoyozi hakikuwa cha kwake. Kilikuwa cha mjukuu wake wa kike, binti wa mwanawe mkubwa anayefanya kazi mbali. Mtoto yule ana miaka saba na hatoki jasho. Sisemi hatoki sana, nasema hatoki kabisa. Amezaliwa hivyo, na nywele chache nyepesi, na meno ya kuhesabu. Mimi na wewe joto likituzidi mwili hutoa maji ukajipoza. Yeye joto likishaingia halioni pa kutokea. Alipokuwa na miaka mitatu, mchana mmoja umeme ulikatika, feni ikasimama, na nyumba yetu ni ya bati, vyumba viwili. Tulimkuta macho yamegeuka, anatetemeka, ngozi ya moto kama sufuria. Daktari alisema mambo mawili tu: mtoto huyu akae penye ubaridi, na siku ya joto asiachwe peke yake hata kidogo.

Basi mdogo wangu akauza gari lake la zamani, akanunua haibridi. Watu walidhani anafuata fasheni. Yeye alikuwa ameuliza mafundi watatu kabla ya kutoa hata senti. Gari hilo lina injini ya petroli kama mengine, na chini ya kiti cha nyuma lina betri kubwa. Kiyoyozi chake hakivutwi na mkanda wa injini, kinakula umeme wa ile betri. Kwa hiyo gari likiwa limewashwa lakini limesimama, injini hulala na kiyoyozi kikaendelea. Betri ikipungua, injini huamka yenyewe, inaunguruma dakika chache, inaijaza, inalala tena. Petroli inayokwenda ni kidogo. Kila siku shule ikitoka saa sita, mtoto alipanda kwa bibi yake, akakaa humo mpaka jua lilegee. Abiria akiingia, yeye huhamia mbele. Alijifunza kusoma kwenye kiti kile, na alijua kuliko madereva wengi maana ya vile vijiti vinane vya betri kwenye kioo cha dashibodi.

Sasa lazima niwaeleze foleni yao, maana ndiko matata yalikotoka. Stendi iko mbele ya hospitali, na pana mteremko mdogo. Tangu enzi za magari ya zamani madereva wana mtindo wao: ukifika, unaweka gia kwenye N, gurudumu linakuwa huru, unatia jiwe mbele ya tairi, unashuka kupiga soga. Gari la mbele likipata abiria, jiwe linapigwa teke na wote wanasukuma magari kwa mikono hatua mbili tatu, mawe yanarudi. Hakuna wa kuwasha injini kwa ajili ya hatua tatu. Wanajivunia sana mtindo huo, na anayesukuma gari la mwenzake husukumiwa lake. Mdogo wangu peke yake hakusukumwa. Alisema gari lake si mkokoteni, na hataki mikono ya mafuta kwenye rangi. Alijisogeza mwenyewe, taratibu, kwa umeme. Hilo nalo liliwauma.

Msimu wa joto wa mwaka jana, dereva mmoja wanayemwita Kipara, mwenye haibridi kama ile ya mdogo wangu, alishindwa na jua. Akaingia garini kwenye foleni, akawasha kiyoyozi, akasinzia. Alipoamka gari limekufa. Dashibodi ilikuwa imejaa taa nyekundu, na halikuwaka tena mpaka lilipobebwa juu ya lori kama mgonjwa. Wiki iliyofuata likafa la mwingine, vilevile.

Mwenyekiti wa stendi ni mdogo wa marehemu mume wa mdogo wangu, kwa hiyo ni shemeji yake. Si mtu mbaya, ila anapenda amri. Naye ana haibridi, nyeupe, anaifuta kila asubuhi kwa kitambaa chake cha mfukoni. Akaandika karatasi, akaibandika kwenye nguzo: kuanzia leo ni marufuku kuwasha kiyoyozi gari likiwa limesimama stendi, kinaua betri. Mdogo wangu aliisoma yote, akaomba kalamu kwa muuza magazeti, akaandika chini kwa herufi kubwa: ISIPOKUWA MIMI.

Basi shemeji akamfuata mpaka dirishani mwa gari lake. Nilikuwepo, nimekaa kiti cha nyuma na mtoto, nimetoka kupimwa presha.

"Shemeji, umenivunjia heshima mbele ya vijana."

"Nimeongeza maneno mawili tu, mwenyekiti. Hata hayajaharibu mwandiko wako."

Akamwambia sheria ni ya wote. Akasema magari mawili yameziba foleni, wagonjwa wamekosa teksi, na uongozi wa hospitali umetishia kuwahamisha wote barabara ya pili. Mdogo wangu akamjibu kwamba kiyoyozi chake kinavuma mwaka wa tatu na betri haijawahi kukohoa. Tena betri yenyewe, akasema, inapumua hewa ya ndani ya gari kupitia yale matundu kando ya kiti. Ndani pakiwa pa baridi, nayo inapoa. Shemeji akasema hayo ni maneno ya mafundi wanaotafuta wateja.

"Una bahati tu," akamwambia. "Na bahati yako itakwisha siku moja katikati ya foleni yangu. Mtoto mwache nyumbani na dada mkubwa, kwani lazima azurure?"

Hapo mdogo wangu alizunguka kwenye kiti akamtazama vizuri. "Nyumbani chini ya bati? Wewe ulikuwepo siku ile macho yalipogeuka. Ulimbeba wewe. Leo unataka nizime?"

Shemeji alitazama chini, lakini vijana walikuwa wanasikiliza, na mwanamume mbele ya vijana wake hupata ugumu kurudi nyuma. Akasema ama azime, ama aondoke stendi. Na kuondoka pale kulikuwa na maana moja: wateja wake wote ni wa hospitali. Bila stendi hakuna gari, na bila gari mtoto anarudi chini ya bati.

"Nipime," mdogo wangu akasema. "Kesho, saa nne mpaka saa nane. Nakaa kwenye foleni na kiyoyozi kinawaka. Betri ikifa naondoka mwenyewe, wala hutaandika karatasi nyingine."

Kipara akadakia kwamba hiyo si haki. Bi Kiyoyozi hujisogeza mwenyewe, gari lake linapata kutembea. Apimwe kama wengine, N na jiwe, asukumwe. Wote wakaunga mkono. Mdogo wangu alikunja midomo, maana kusukumwa hakupendi, lakini alikubali. Nilimwona anajiamini mno, na usiku ule nilimwombea.

Kesho yake jua lilikuwa la kuchoma. Saa nne akaegesha, akaweka N, Kipara mwenyewe akatia jiwe kwa madaha kama anayeweka la msingi. Mtoto, tuliyemwombea ruhusa shuleni siku ile, alikuwa nyuma nami, na ndoo ndogo ya maji na kitambaa, tahadhari. Kiyoyozi kikavuma. Vijiti vilikuwa sita. Vikawa vitano. Wakatusukuma mara mbili, wakicheka, mmoja akauliza kama bibi harusi hakutingishika. Vikawa vinne, vikawa vitatu.

"Bibi," mtoto akasema, "vimebaki viwili."

"Injini itaamka sasa hivi."

Tulingoja. Injini haikuamka. Kikabaki kijiti kimoja, na gari likaanza kulia tii, tii, tii, na maandishi yakatokea kwenye kioo. Vijana walikuwa wamelizunguka gari kama watazama mpira. Kipara alikuwa anaita watu. Shemeji alisimama upande wangu, mikono nyuma, na sikuona furaha usoni mwake. Alikuwa anamtazama mtoto.

Mimi nilimgusa mdogo wangu bega, nikamwambia azime tu, yasije yakawa makubwa. Alikuwa anatazama ile gia. Baadaye aliniambia alikuwa anajiuliza jambo moja: miaka mitatu nafanya hivi hivi, leo nimebadilisha nini? Joto ni lile, kiyoyozi ni kile, mtoto ni yule. Kilichobadilika ni herufi.

Akabonyeza kitufe cha P, cha kuegesha, alichozoea siku zote.

Injini ikakohoa, ikanguruma. Sauti yake niliisikia hadi kwenye magoti. Ule mlio wa tii ukakatika. Tukakaa tunasikiliza injini, na mtoto akawa anatangaza kama mtu wa redio: viwili, Bibi. Vitatu. Vilipofika vinne injini ikalala, na kiyoyozi kikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Mtu mwingine angetulia na ushindi wake. Yeye alishuka, akamwambia Kipara alete gari lake. Kipara akasema gari lake ndiyo kwanza limetoka kwa fundi. "Ndiyo sababu," akamjibu. Wakaweka N na kiyoyozi mpaka vikabaki vijiti viwili, injini kimya. Akaingiza mkono dirishani, akabonyeza P, injini ikaamka. Akarudisha N, betri ikapungua tena, injini kimya. P, ikaamka. Akafanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu akamwambia Kipara afanye mwenyewe.

"Gari likiwa N," akasema, na hakupandisha sauti, "injini haiwezi kuijaza betri. Hata ungelisukuma mpaka baharini. Hamkuuliwa betri na kiyoyozi. Mmeuliwa na jiwe lenu."

Kipara akanung'unika kwamba yeye ameendesha miaka ishirini na N haijawahi kumdhuru. Mdogo wangu akamwambia miaka ishirini aliendesha gari jingine. Hili ni jipya, na lenyewe halijui kama yeye ni mkongwe. Hata shemeji alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Sitasema aliomba radhi, maana hakuomba. Alikwenda kwenye nguzo, akabandua karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. Akarudi akasema kwa sauti ya mwenyekiti kwamba kuanzia sasa haibridi zote ziwe kwenye P na breki ya mkono, kila mtu ajisogeze mwenyewe. Kisha akainama dirishani, sauti ikawa ya nyumbani. "Shemeji, basi. Umeshinda. Kaa na kiyoyozi chako."

Mimi nilidhani yameisha. Simjui mdogo wangu vizuri, ingawa nimemlea.

"Sikutafuta kushinda," akamwambia. "Miaka mitatu nakataa safari za mbali kwa sababu mtoto hana pa kubaki. Kesho nina familia ya watu wanne, wamejaza viti, kwenda na kurudi ni mpaka saa kumi. Dada ana kliniki. Mtoto utakaa naye wewe, kwenye gari lako."

Shemeji akasema ana kazi za uenyekiti. Akasema gari lake jeupe halijazoea mtoto. Akatazama huku na huku kama anayetafuta aliyemtuma. Vijana wote walikuwa wamepata ghafla la kufanya kwenye matairi yao.

"Uenyekiti utaufanya dirishani," mdogo wangu akasema, na tayari alikuwa anafungua mlango na kumshikisha ile ndoo. "Sikiliza, sitarudia. Unaegesha nje, penye hewa, usimwingize kwenye gereji yoyote, moshi wa injini huua. Hakikisha petroli ipo. Kitufe cha P. Lile koti lako usilitupe juu ya matundu ya betri. Hushuki, hata ukiitwa na daktari mkuu. Kitambaa kiwe kibichi muda wote, umpitishie shingoni kila akigeuza ukurasa. Akikuambia vimebaki viwili, usihangaike, tega sikio. Injini isipoamka, tazama herufi yako kwanza kabla hujamlaumu mtu. Saa sita kamili, getini pa shule. Na usichelewe, shemeji, yeye huwa anasimama juani akingoja."