Kivinjari cha Wafuga Nyuki

Slavcho Ristov na mimi tuna ofisi moja juu ya duka la kinyozi, mwaka wa kumi na nne sasa. Yeye hutengeneza tovuti, mimi hupiga picha, na sijawahi kunywa kahawa ya asubuhi bila kusikia maoni yake kuhusu vivinjari vya intaneti. Hiki kinakula kumbukumbu ya kompyuta kama mkwe harusini. Kile ni kizuri, ila wanaokitumia ni yeye na mtu mmoja huko Finland. Programu mpya za kuchora ni za watu wanaoogopa kibodi. Viwango vya kutengeneza tovuti navyo vilimchosha, maana havikuacha kubadilika.

"Nimejifunza kupanga visanduku kwenye ukurasa mara nne," aliniambia. "Nilipooa tulipanga kwa majedwali. Leo ni njia ya nne, na mke ni yule yule. Hawa jamaa wa viwango kwa nini hawatulii?"

Chuki yake kubwa ilikuwa kwa kivinjari kimoja cha zamani ambacho hata waliokiunda walishakitelekeza. Alikiita marehemu. Ukifungua tovuti yake yoyote kwa kivinjari hicho, huioni tovuti. Unaona maandishi makubwa mekundu: UNAISHI NA MAREHEMU. MZIKE, NDIPO URUDI.

"Iko siku utaumbuka," nilimwambia. Akanijibu mimi nishughulike na vivuli vyangu.

Mwaka jana alitengeneza tovuti ya chama cha wafuga nyuki, kwa ombi la mwenyekiti wao, Mzee Blagoja. Vuli hii Blagoja akafariki. Siku ya arobaini tulitoka makaburini tukaenda ukumbi wa chama, tukala ngano ya sukari inayoliwa kuwakumbuka wafu na maharagwe ya chunguni, rakija, pombe kali ya matunda, ikazunguka. Katibu akataka tuone ukurasa wa kumbukumbu ambao Slavcho alikuwa ameuandaa, wenye picha ya mzee niliyoipiga mimi. Akawasha kompyuta ya chama na kuirusha picha yake ukutani kwa projekta.

Ukuta mzima ukawa mwekundu.

Padri Metodi akasoma kwa sauti, kwa mazoea ya kazi: "Unaishi na marehemu. Mzike, ndipo urudi." Watu wakapiga ishara ya msalaba. Zagorka, mjane wa Blagoja, akainuka na kijiko mkononi.

"Nani anasema sijamzika? Padri, si ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Zagorka."

"Sasa huyu aliyeandika ni nani?"

Slavcho alikuwa na maharagwe mdomoni. Akayameza mazima. "Ni mimi, shangazi. Lakini simsemi mzee. Nakisema kivinjari."

"Kina umri gani?" padri akauliza.

"Miaka kumi na mitatu, baba."

"Na unataka kizikwe? Gari langu lina thelathini, na ndilo limenileta hapa."

Watu wakaangua kicheko, isipokuwa Zagorka. Alikuwa bado anayatazama yale maandishi.

"Kumbe ndiyo hii," akasema polepole. "Blagoja alikuwa anakuja hapa kila asubuhi kuangalia hiyo tovuti. Akirudi namuuliza, ikoje? Ananiambia, 'Nzuri sana, tena fupi. Slavcho ananitania kuhusu wewe.' Namuuliza anasemaje, hataki kusema. Anacheka peke yake mpaka kahawa inamwagika." Akasoma tena, akionyesha kwa kijiko. "Unaishi na marehemu... Mungu wangu! Kumbe marehemu ni mimi!"

Akacheka mpaka akakaa chini, na machozi yakamtoka humo humo. Slavcho hakucheka. Njia nzima ya kurudi aliniambia jambo moja tu: mzee alikaa mwaka mzima bila kuiona tovuti aliyoiagiza, na hakulalamika hata mara moja.

Jumatatu alienda ukumbini, akakaa mbele ya kompyuta ile na kuijenga tovuti upya kwa majedwali, kama enzi za harusi yake, ili kivinjari kile cha zamani kiweze kuionyesha. Nilipompelekea mkate wa jibini nilimkuta anapiga mluzi. Aliponiona akaacha, akaanza kuwatukana waliounda kivinjari.

Ijumaa Zagorka akaja kukagua. Akavaa miwani, akasogea, akarudi nyuma.

"Picha yake imepinda."

"Haijapinda, shangazi. Kivinjari hiki ndivyo kinavyo—"

"Mume wangu hakuwahi kukaa upande, mwanangu. Inyooshe."

Akainyoosha. Ilimchukua siku mbili.