Jino Alilolipuliza Benedicta

Saa tatu asubuhi, Mtoni, Temeke. Benedicta Mmuya ameshika jino la kauri kwa kibano na hathubutu kuligusa kwa ndani. Analipaka tindikali, anahesabu sekunde ishirini, analisuuza. Ndani pamekuwa peupe kama chaki, pamekwaruzika.

"Hapa ndipo gundi ya daktari inaposhika," anasema. "Pakiwa laini, gundi haina pa kukamata. Ukipagusa, pakiingia hata tone la mate, kazi yote bure."

Ana miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Masasi. Kumi na sita kati ya hiyo ameimalizia kwenye chumba hiki, akitengenezea kliniki za jirani meno ya bandia. Jino moja humpa shilingi elfu sitini. Mikono yake inasifiwa hadi Kibamba, na sifa hizo, jamani, ndizo zinazomtesa.

Mwaka jana alitengeneza jino la mbele la Mzee Shomari, muuza vitambaa wa hapa hapa Mtoni. Alipokwisha kulisuuza, umeme ukakatika na mashine ya upepo ikazima. Kliniki inapiga simu, mgonjwa yuko kitini anangoja. Akalikausha kwa kulipuliza na mdomo.

"Mafundi tunapulizaga," anasema, macho chini. "Unapuliza kama unavyopoza uji wa mtoto. Nilijua haifai. Nikasema, ah, mara moja tu."

Siku ya kumi na moja jino likabanduka Mzee Shomari akiwa usingizini, likateremka hadi kwenye pafu. Nyumbani walidhani amelimeza, litatoka lenyewe. Picha ya kifua ilipokuja kupigwa, pafu lilikuwa limeshajaa usaha. Wiki ya tatu wakamzika.

Hakuna aliyemuuliza Benedicta neno. Daktari alisema gundi nazo hushindwa, na huenda ni kweli. Benedicta naye akanyamaza, na kunyamaza huko kumemkondesha mpaka majirani wanamuuliza anaumwa nini.

Jino lililo kwenye kibano leo ni la Bi Tabu, mjane wa Mzee Shomari. Amekuja mwenyewe kulinganisha rangi. Hataki fundi mwingine, anasema, ila yule yule wa marehemu.

Benedicta analiweka jino mezani. "Mama, kabla hujalivaa, kuna jambo sikuwaambia."

Anamweleza yote: umeme, simu, pumzi yake. Hajitetei. Bi Tabu anasikiliza, mikono mapajani, mpaka mwisho.

"Siku ya msiba ulishajua?"

"Nilijua, mama."

"Ukaja ukakaa na sie mkekani. Ukala chakula chetu."

"Nilikula."

Bi Tabu anavuta mtandio wake, anainuka taratibu kwa kushika ukingo wa meza, anatoka. Jino lake linabaki pale pale, halina mwenyewe.

Jumapili, anasema Benedicta, atakwenda nyumbani kwa Bi Tabu pamoja na kaka yake mkubwa, maana radhi ya namna hiyo haiombwi na mtu peke yake. Wakitaka kumshtaki, atayasema haya haya mbele ya hakimu.

"Siendi kubembeleza anisamehe," anasema. "Akinifungulia mlango, anitukane. Mwaka mzima nimengoja mtu wa kunitukana."