Kiapo Juu ya Kalenda

Jumanne saa nne asubuhi, ofisi moja ya ardhi Garsen ilisikiliza malalamiko ya mama wa Kipokomo: mheshimiwa wa eneo lile ametwaa shamba lake. Shahidi wake pekee alikuwa mzee wa Kiorma, anayeujua mpaka wa shamba kwa kuwa ng'ombe wake huufuata kwenda kunywa mtoni.

Karani alikosa Msahafu. Akashusha kalenda yenye picha ya mheshimiwa.

“Weka mkono hapa, mzee, uape.”

Foleni nzima tulinyoosha shingo.

“Mimi huapa kwa Mungu,” mzee alisema. “Huyu ni mtu.”

“Kwani hapa mkubwa ni nani mwingine?”

“Usiape, baba,” mama alisema. “Acha shamba liende.”

Wafalme wa Israeli walioabudu sanamu walau waligharimia dhahabu.

Karani alifunga faili. Alhamisi shamba lilizungushiwa seng'enge.