Ngozi Nyingi, Nyama Kidogo

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa tano, shambani kwetu Namtumbo, baridi imeanza kuuma na tumbaku yangu bado inaning'inia bani, kile kibanda chetu cha kukaushia majani kwa moshi. Mama yako alikuwa amejifungua kaka yako Fidelis kabla ya wakati, mtoto wa kutosha viganjani. Mwenyewe alikuwa hoi, hana nguvu ya kumshika, na miguu ya mtoto ilikuwa inapoa. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa sana.

Nikajiona nina akili. Joto la bani halina mfano, moto wake haulali. Nikamfunga mtoto kwenye blanketi, nikatoka naye mbio. Bibi yako, mama yangu mzazi, akanikuta mlangoni mwa bani.

"Unampeleka wapi?"

"Kwenye joto, mama. Mimi nashinda humu na sijafa."

"Wewe ni wewe. Chungu cha uji kinakaa na moto wake mpaka watu washibe, kijiko kimoja kinapoa kabla hakijafika mdomoni. Huyu ni kijiko, baba. Ana ngozi nyingi, nyama kidogo, na joto lake linapotelea ngozini. Tena tazama anavyohema. Wewe ukivuta pumzi moja, yeye kavuta tatu. Moshi huo utamjaa kabla hujakohoa."

Akanivua shati, mimi mtu mzima, akamlaza mtoto kifuani pangu, akatufunga pamoja kwa kitenge cha mama yako. Nikavaa koti juu, tukashika njia ya hospitali, mama yako akiwa juu ya baiskeli ya jirani. Wanaume waliokuwa wakienda mashambani walinicheka. "Leo mwenzetu kajifungua," wakasema. Niliona haya, lakini sikumfungua. Kabla hatujafika, vile vidole vya miguu vilivyonigusa tumboni vilikuwa na joto.

Maziwa alinyweshwa kwa matone. Haba na haba hujaza kibaba, na leo Fidelis huinama akiingia mlangoni kwangu.

Sasa na wako kazaliwa mdogo. Nesi amekuonyesha namna ya kumbeba, nami nimeona unavyosita mbele ya wenzako hapo Ruhuwiko. Mwanangu, usimpime mdogo kwa mwili wako. Upepo unaokuburudisha wewe unampokonya yeye joto, na kiu unayoivumilia mpaka jioni yeye haivumilii. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na huyu hana hata mdomo wa kusema. Nesi akisema jambo, lishike. Watakaokucheka waache wacheke, watachoka.

Mungu akupe kifua chenye joto, na akukuzie huyo mtoto mpaka ulazimike kuinua uso ukitaka kumtazama. Haya, vua shati.